Alfajiri ya Wiki Saba

Lugha yetu ina maneno mengi ya alfajiri kuliko alfajiri yenyewe inavyodumu. Majogoo ya kwanza, majogoo ya pili, alfajiri mbichi, utusitusi, weupe, mapambazuko, kucha, macheo. Huku Tanga mengi ya hayo yanabanana ndani ya saa moja na kitu. Mwadhini amalize, mtu apige mswaki, apulize mkaa mpaka ushike, akigeuza shingo jua limeshatoka na vitumbua vimeanza kuuzwa. Neno utusitusi, ambalo nalipenda mno, lina dakika kama ishirini tu za kuishi kila siku, kisha linafutwa hadi kesho.

Kuna mahali ambapo maneno hayo yangepata nafasi ya kunyoosha miguu. Ni kituo cha utafiti cha Amundsen-Scott, cha Wamarekani, kwenye Ncha ya Kusini ya dunia, mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na karibu kimo chote hicho ni barafu. Pale jua hutoka mara moja kwa mwaka. Hutua mnamo tarehe 22 Machi, likachomoza tena mnamo tarehe 21 Septemba, na katikati yake ni usiku mmoja. Lakini usiku huo haukatiki ghafla kama wetu. Siku za mwanzo za Agosti, jua likiwa bado nyuzi 18 chini ya upeo, ukingo mmoja wa mbingu hupauka kidogo sana, kiasi kwamba mtu hana hakika kama ameona au ametamani kuona. Ukingo huo hauko mashariki. Pale mashariki haipo. Ukigeukia popote umeelekea kaskazini. Mpauko wenyewe huzunguka upeo mzima kila siku, mfano wa mtu anayezunguka nyumba na taa akitafuta mlango. Tangu hapo hadi jua litoke ni wiki saba. Utusitusi peke yake, ule wa mtu kuweza kutambua sura ya mwenzake bila taa, unakaa wiki mbili nzima.

Sijafika huko, wala sitafika. Nilichonacho ni miaka kumi na mmoja ya kupima hali ya hewa katika kituo kimoja cha pwani, mingi yake zamu za usiku, na mazoea niliyoyapata humo ya kusoma chochote kilichonifikia juu ya wapimaji wenzangu wa kule chini kabisa ya ramani. Nilikuwa nawaita wenzangu kwa sababu wapimaji wa dunia nzima hutoka nje kwa wakati mmoja. Greenwich ikifika usiku wa manane, huku ni saa tisa usiku. Nilikuwa nachukua tochi na daftari, nakanyaga umande hadi kwenye kile kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao, nafungua kilango, nasoma vipimajoto viwili, kikavu na kile chenye utambi uliolowa. Unatakiwa ubane pumzi, maana pumzi ya mtu inatosha kupandisha zebaki. Ishirini na tano na nusu. Ishirini na nne. Naandika, nafunga kilango, narudi. Wakati huohuo kule nchani, ambako saa za ukutani hufuata saa za New Zealand kwa kuwa ndege na shehena hupitia Christchurch, ni saa sita mchana, watu wamekaa kula, na nje, katika miezi ya usiku wao, ni giza totoro na baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Saa tisa yangu ya usiku na saa sita yao ya mchana zilikuwa giza moja. Wazo hilo lilinipa nguvu ya kutoka nje usiku mwingi kuliko mshahara ulivyonipa.

Na misimu yetu ni ileile, jambo ambalo hatulitaji mara nyingi. Kipupwe chetu, miezi ya shuka mbili na kahawa ya tangawizi, ndicho kitovu cha usiku wao. Kusi linapovuma huku na majahazi kukaa bandarini, wao ndio wamejifungia. Likianza kulegea na kuingia demani, bahari ikatulia na wavuvi wakarudi kwenye maji makubwa, ndipo mbingu yao inapopauka. Jina lenyewe la upande wao wa dunia tumelitoa kwenye upepo huo.

Nilikaa siku moja na kalamu nikafanya hesabu ya kitoto ambayo haijanitoka kichwani. Sisi tunahesabu saa kwa jua: linapozama ni saa kumi na mbili, na saa moja ya usiku ni saa moja tangu lilipozama. Sasa ichukue saa yetu hiyo uipeleke nchani, uugawe usiku wao mmoja mafungu kumi na mawili. Kila saa inakuwa siku kumi na tano na kidogo. Saa moja ya usiku inagonga mwanzoni mwa Aprili. Saa sita, usiku wa manane, inaangukia mnamo tarehe 21 Juni, siku ambayo vituo vya Antaktika huifanyia karamu, na watu huvaa nguo zao nzuri na kutumiana salamu kutoka kituo hadi kituo. Na ule mpauko wa kwanza wa mwanzoni mwa Agosti, je, unakuja saa ngapi? Saa tisa kasorobo usiku. Nilicheka kwa furaha, peke yangu, mezani. Kumbe alfajiri yao inaanza nilipokuwa navaa viatu kwenda kusoma vipimajoto.

Watu wa kwanza kuupitisha usiku huo walikuwa wanaume 18, mwaka 1957, mwanasayansi Paul Siple akiwa kiongozi wao wa utafiti. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukaa hapo gizani kabla yao. Hawakujua baridi ingeshuka mpaka wapi. Siku hizi hubaki watu arobaini hivi. Ndege ya mwisho huondoka katikati ya Februari, na baada yake, mpaka mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, hakuna aingiaye wala atokaye. Ndege za kawaida za huko haziwezi kutua baridi ikizidi nyuzi 50 chini ya sifuri. Mara chache mno, kama Juni 2016, marubani wenye ndege ndogo wamethubutu kwenda kumchukua mgonjwa gizani. Mwaka 1999 daktari wa kituo, Jerri Nielsen, aligundua uvimbe kwenye titi lake mwenyewe, na kila mgonjwa pale alikuwa na daktari isipokuwa yeye. Wenzake wasio madaktari walimsaidia kujichoma sindano ya kutolea chembe za uvimbe. Dawa zikadondoshwa kwa mwavuli mwezi Julai, gizani. Ndege iliyomchukua ilifika Oktoba, alfajiri ilipokuwa imekwisha kukamilika.

Swali la mtu wa pwani huwa ni moja: sasa hao wanaswali vipi? Nimelisikia likiulizwa darsani baada ya magharibi, na kijana aliyeuliza alichekwa, ingawa swali lake ni kubwa. Sheikh hakucheka. Alirejea hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim juu ya siku za Dajali, kwamba siku moja itakuwa ndefu kama mwaka. Maswahaba hawakuuliza ni kwa nini au itawezekanaje. Waliuliza kama swala za siku moja zitatosha siku hiyo. Wakaambiwa hazitoshi, wakadirie. Naliona jambo zito katika uchaguzi wao wa swali: mbingu imeharibika mwendo wake, nao wanauliza kazi ya kila siku itakwendaje.

Kukadiria ndiko kunakowaweka hai watu wa kule. Mbingu haiwaambii chochote, kwa hiyo wanaambiana wao. Saa moja asubuhi ni saa moja kwa sababu mpishi amewasha taa za jikoni. Jumapili ni Jumapili kwa sababu wamekubaliana. Kuna zamu ya kuosha vyombo, zamu ya kufagia, zamu ya kusugua vyoo, na mtaalamu wa darubini ya mita 10 anashika sufuria sawa na fundi bomba. Maji ni ya barafu iliyoyeyushwa chini kwa chini, na kuyeyusha kunakula mafuta, kwa hiyo mtu huoga mara mbili kwa wiki, dakika mbili za maji yanayotiririka. Kuna chumba kidogo cha kuoteshea mboga kwenye maji yenye mbolea, chini ya taa kali, na watu huenda kukaa humo bila shughuli yoyote, waone kijani na wavute hewa yenye unyevu. Huko nje hewa ni kavu kuliko jangwa. Nikisoma habari za chumba hicho, mkono wangu unakumbuka baridi ya jani la mchicha uliotoka kunyunyiziwa maji.

Nina jambo la kukiri hapa, kwa kuwa bila hilo sina haki ya kuandika yanayofuata.

Ilikuwa masika, mwaka wangu wa tatu kazini. Saa tisa usiku mvua ilikuwa inapiga bati mpaka husikii simu. Nilitazama dirishani, nikatazama kipimo cha saa sita, nikaandika ishirini na tatu na nukta nne. Sikutoka. Nilijua mvua za namna ile hushusha kiasi gani, na sidhani nilikosea kwa zaidi ya nusu nyuzi. Asubuhi mkuu wa zamu, mzee aliyekaribia kustaafu, alifika, nikamwamkia. Alitazama daftari, akatazama viatu vyangu mlangoni, vikavu.

“Mwanangu, hii ya saa tisa umekadiria au umebuni?”

“Nimekadiria, mzee. Mvua ilikuwa kubwa.”

“Kukadiria ni pale alama inapokosekana. Alama ilikuwepo, hatua chache kutoka hapo ulipokaa.”

Alichukua kalamu nyekundu, akaikata namba yangu kwa mstari mmoja ulionyooka ili isomeke chini yake, akaandika pembeni: haikupimwa. Hakunishtaki popote. Lakini karatasi ile ilikwenda na pengo, na pengo hilo liko mahali fulani kwenye kumbukumbu mpaka leo, usiku mmoja wa masika ambao Tanga haikuwa na joto lolote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafikiria watu wa nchani hasa katika miezi ya Agosti na Septemba. Kuingia gizani, kwa wanavyoeleza walioishi huko, si kugumu sana. Kuna msisimko, kuna chakula kizuri, kuna nyota zisizotua na mianga ya kijani na zambarau inayocheza juu ya paa. Karamu ya Juni huwainua. Kinachowavunja ni kipande kinachofuata. Watafiti wa nafsi ya binadamu wamelitambua jambo hili kwenye safari nyingi za kujitenga: nusu ikishapita, mtu akitambua kwamba alichokivuka kitajirudia kwa urefu uleule, ndipo anapozama. Usingizi unamkimbia. Jina la mwenzake wa miezi saba linapotea ulimini. Mtu anasimama na kijiko mkononi, kikombe mbele yake, macho yametazama ukuta ambao yeye hauoni, na wenzake wanampitia pembeni bila kumshtua, maana kesho ni zamu yao. Wenyewe husema wamekuwa mkate uliosahauliwa motoni. Mwaka 2019 madaktari walichapisha vipimo vya ubongo vya watu tisa waliokaa miezi 14 katika kituo cha Ujerumani, Neumayer III, ukingoni mwa bara hilohilo: sehemu moja ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu ilikuwa imesinyaa kwa asilimia 7 hivi.

Na mwanga unawafikia katika hali hiyo. Sisi tumezoea kuamini kwamba nuru ni nafuu, kwamba kukicha mgonjwa hupumua. Mgonjwa wetu anangoja saa moja. Wao nuru inawafikia Agosti, na nafuu, yaani ndege, inafika Novemba. Kati ya hayo mawili ndipo ilipo kazi kubwa kuliko zote.

Masheikh wetu hutofautisha alfajiri ya uongo, ule mwanga unaosimama wima kama mkia kisha ukafifia, na alfajiri ya kweli inayotandaa upeoni. Mwenye kufunga anatakiwa asidanganyike na ile ya kwanza. Nadhani nchani Agosti yote ni ya kujizuia namna hiyo. Nyota ndogo zinaanza kupotea. Wataalamu wa anga wanahesabu usiku waliobakiwa nao kwa huzuni ya kweli, kwa sababu wao ndio pekee walioutaka usiku huo. Kisha inafika siku ya madirisha.

Hili la madirisha nalipenda kuliko yote. Majira yote ya giza madirisha ya kituo huzibwa, taa za ndani zisivuje zikaharibu kamera zinazotazama mianga ya mbinguni. Watu arobaini wanaishi miezi mitano katika nyumba isiyo na nje. Kisha mwezi Septemba mtu anapewa ruhusa, anabandua kwanza pembe moja ya boksi lililobandikwa kwenye kioo. Gundi imekauka, inaacha utepe wa kahawia. Kati ya boksi na kioo kuna sakitu ya umbo la majani ya mkangaga, iliyojichora yenyewe miezi yote hiyo hakuna aliyeiona. Halafu mwanga wa buluu unaanguka mezani, juu ya chupa ya pilipili, juu ya mikono ya watu. Wanatazamana. Wamepauka, wamekonda, nywele zimekua ovyo, mavazi yamechakaa kwenye viwiko. Walikuwa hivyo jana pia na taa zilikuwa zinawaka, ila mwanga wa taa una huruma.

Jua lenyewe likitoka halitoki kama letu. Linahitaji zaidi ya siku nzima kuupandisha mwili wake wote juu ya upeo, likizunguka huku limebanwa na hewa baridi, limepondeka kama andazi lililokaliwa, mara limekatwa vipande, mara lina mwali wa kijani juu yake. Mwaka 1929 watu wa msafara wa Richard Byrd, wakiwa pwani ya Antaktika, waliuona mwali huo kwa dakika 35, kitu ambacho mvuvi wetu akikiona kwa kupepesa jicho atakisimulia mpaka kwa wajukuu. Na halina joto. Baridi ya Septemba ni ileile ya Julai. Theluji inaupokea mwanga na kuurudisha ulikotoka. Watu wanavaa matabaka yaleyale, wanatoka nje kwa matrekta ambayo vyuma vyake vinaweza kukatika kama biskuti, kuanza kufukua theluji iliyorundikana na kusawazisha uwanja wa ndege zenye magongo ya kuteleza. Hawana nguvu za Februari, na kazi ni za Februari.

Kwenye jengo moja lililosimama upande unaotoka upepo, ili hewa yake isiguswe na moshi wa kituo, watu wa NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, wanarusha puto. Wamelirusha tangu 1986. Wakati wa giza hutumia puto la plastiki nyembamba, maana mpira hauivumilii baridi ya kule juu, hukatika kabla ya kufika. Chini yake kinaning’inia kisanduku chepesi kinachonusa ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, na namba zinashuka kwa redio huku puto likipanda hadi kilomita 30. Agosti namba ni nzuri. Septemba, jua likikaribia, zinaanza kupungua. Mwanzoni mwa Oktoba, kati ya kilomita 14 na 21, ozoni inakaribia sifuri.

Sababu yake imenisumbua kwa miaka. Gesi za CFC tulizozitia kwenye majokofu na makopo ya kupuliza zilipanda polepole mpaka tabaka la stratosfia. Baridi ya usiku mrefu inaunda mawingu ya barafu kule juu. Kwenye vituo vya pwani ya Antaktika mawingu hayo huonekana jua likiwa chini kidogo ya upeo, yana rangi za ndani ya ganda la chaza, na watu hutoka nje na baridi ile kuyatazama tu. Juu ya chembe za mawingu hayo klorini ya gesi hizo inajinasua kutoka katika hali isiyo na madhara. Lakini gizani haifanyi kitu. Inangoja. Inalingoja jua lilelile wanalolingoja watu, na jua likirudi mwanga unaipa nguvu ya kuila ozoni. Alfajiri ndiyo inayotoboa.

Waliolijua hilo ni wapimaji. Katika kituo cha Waingereza cha Halley, juu ya barafu inayoelea baharini, ozoni ilipimwa tangu miaka ya 1950 kwa chombo cha Dobson kinachoelekezwa kwenye jua. Halley jua hupotea kwa zaidi ya siku 100, na lilipokuwa likirudi mwezi Agosti, kwa desturi ya pale, mdogo kuliko wote alipandisha bendera mpya. Kisha mtu aliyechoka, ubongo umesinyaa, alitoka nje kukielekeza kile chombo, akasoma, akaandika. Mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyekuwa akingoja namba zile. Kulikuwa na wakati ambapo kuendelea kuzichukua kulionekana ni kupoteza fedha. Mei 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walichapisha katika jarida la Nature kwamba ozoni ya kila Oktoba ilikuwa inaporomoka. Agosti ya mwaka uliofuata Susan Solomon aliongoza watafiti hadi kituo cha McMurdo, mwisho wa majira ya giza, kwenda kulitafuta kosa la klorini mahali lilipotendeka. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini itifaki ya Montreal ya kuzikomesha gesi za CFC. Sekretarieti yake iko Nairobi, Gigiri, na marekebisho yake ya 2016 yalipitishwa Kigali. Tundu la ozoni linatarajiwa kupona karibu mwaka 2066.

Huwa nafikiria Septemba moja tu kati ya zile za Halley. Dhoruba nje, kipimo cha jana kipo mezani, cha leo kitakuwa karibu na hicho. Mtu anajua kitakuwa karibu na hicho. Angeandika bila kutoka asingejulikana na yeyote, na wala asingedhani anaiba. Lakini namba ya kubuni hufuata mazoea. Humwambia mtu kile anachokijua tayari. Wangebuni, ozoni ya Halley ingebaki palepale ilipokuwa mwaka 1957, nzima, kwenye karatasi, wakati juu ya vichwa vyao inaisha. Nikiwaza hivyo naiona kalamu nyekundu ya yule mzee, Mungu amrehemu.

Tangu 2017 hakuna mtu anayekaa Halley wakati wa giza. Barafu ilipasuka karibu na kituo, wakaona hatari. Vyombo vinapima vyenyewe, na jua likirudi hakuna wa kupandisha bendera. Namba zinakuja vizuri, nasikia, na nafurahi. Bado nafsi yangu haijakubali kwamba ni jambo lilelile.

Ndege ya kwanza nchani huleta machungwa, mayai, barua na watu wapya wenye sauti kubwa, ngozi zenye rangi, nguo zinazonukia sabuni na jasho na udongo. Waliokesha miezi minane husimama pembeni ya ukumbi wao wenyewe wakiona viti vyao vimekaliwa. Wanaambukizwa mafua siku ya pili. Kabla ya kuondoka, fundi wao huacha kazi moja imekwisha: kigingi kipya cha kuionyesha ncha. Barafu husogea mita 10 hivi kila mwaka na kukibeba kigingi cha zamani, kwa hiyo kila tarehe 1 Januari kipya husimikwa mahali ncha ilipo kweli. Kinachongwa na waliokesha, kwenye karakana, gizani. Siku ya kukisimika wengi wao wameshafika makwao, wanajifunza tena kuvuka barabara.

Siku moja ya mwanzoni mwa Oktoba, kila mwaka, mimi hutoka uani saa sita na dakika chache mchana. Tanga iko nyuzi tano kusini mwa ikweta, na siku hizo jua linapita utosini kabisa. Kuku wameingia chini ya mkokoteni. Ndoo haina kivuli, mlingoti wa antena hauna kivuli, na changu kimejikunja chini ya nyayo. Kwa hesabu ya anga, siku jua linapokuwa utosini kwa mtu aliye nyuzi tano kusini, nchani linakuwa nyuzi tano juu ya upeo, wala halipungui wala halizidi. Nyuzi tano ni upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Nanyoosha mkono kuelekea kusini, juu ya ukuta wa jirani, nalaza vidole vitatu kwenye mstari wa matofali, nafumba jicho moja. Liko hapo, juu ya kidole cha tatu, na chini yake mtu anafunga kamba ya puto kwa glavu zilizochakaa.